JANGWA LA CHUMVI SI ARDHI TUPU

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali wa wilaya mojawapo ya Pwani, juu ya kutunza na kukagua mikoko pamoja na nyanda za chumvi zilizo nyuma yake.)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa mikoko. Kwa ruhusa yenu nitaanza nyuma ya mikoko, mahali ambapo hakuna mti hata mmoja, kwa kuwa naamini hapo ndipo tunapopoteza zaidi bila kujua.

Kila aliyetembea katika pwani yetu, tangu Tanga hata Mtwara, anapajua mahali hapo. Ukitoka kijijini kuelekea baharini, minazi na mikorosho hukoma, kisha hutokea uwanda mweupe wenye udongo uliopasukapasuka na chumvi inayometa juani. Ng'ambo ya uwanda huo ndipo inapoanza mikoko mifupi, halafu mirefu, halafu maji. Wenyeji wengi huuita jangwa. Sisi wa ofisini tumeupa jina jingine. Katika ramani na mihutasari yetu aghalabu tumeuandika kuwa ni "ardhi tupu", na ardhi ikisha kuandikwa hivyo, anayekuja kuiomba hapati upinzani. Akitaka kujenga ghala, tunamwambia ajenge. Akitaka kuzungushia ukuta wa udongo, azungushie. Hakuna mti uliokatwa, kwa hiyo hakuna aliyekosa. Faili hufungwa.

Baada ya miaka mitatu au minne mikoko iliyo mbele ya uwanda ule huanza kukauka yenyewe, na hapo tunaanza kumtafuta mwenye shoka.

Maji ya bamvua

Ili kufahamu jambo hili hatuna budi kuyafuata maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za maji mafu hujaa kidogo na kuishia katikati ya mikoko. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda zaidi ya mita 3 kutoka pale yalipokupwa, na ndipo yanapolifikia jangwa. Hivyo jangwa huoshwa siku chache tu katika kila nusu ya mwezi, na sehemu zake za juu kabisa huguswa na bamvua kubwa peke yake, kama zile za Machi na Septemba. Siku zilizobaki jua hunyonya maji na kuiacha chumvi.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kadiri ya gramu 35. Maji yaliyomo ndani ya udongo wa jangwa huweza kuwa na chumvi mara mbili ya hiyo, au hata zaidi. Mkoko, pamoja na uhodari wake wote, hauwezi kuistahimili. Hata mchu, ambao ndio mvumilivu kuliko wenzake na hutoa chumvi kwa majani yake, ukifika ukingoni mwa jangwa hudumaa ukawa wa kimo cha magoti. Zinazobaki ni nyasi ngumu na vijimea vya majani manene yenye maji ya chumvi, na mbele zaidi hakuna hata hivyo.

Lakini chini ya ule weupe kuna kazi inayoendelea. Udongo unapolowa, juu yake huota utando mwembamba wa mwani, na utando huo ndio chakula cha wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa ambao watoto wetu huwafukuza. Bamvua linapopanda, samaki wadogo huingia pamoja nalo kula, kisha hurudi katika vijito. Kuanzia mwezi wa Septemba hivi, ndege wa ufukoni hutufikia kutoka Ulaya na kaskazini ya Asia, nao hukaa hata karibu na Aprili. Wao hula katika tope maji yanapokupwa. Yanapojaa na tope likafunikwa, huhitaji mahali peupe pa kupumzika ambapo adui huonekana kutoka mbali. Mahali hapo ni jangwa. Aliyefika Saadani atakuwa amewaona heroe wakichota katika maji ya chumvi, na hawakualikwa na mtu.

Liko jambo jingine, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa. Bahari inapanda duniani kote. Inapopanda, mikoko haikimbii, bali mbegu zake huota nyuma kidogo kila msimu, na hivyo msitu mzima hurudi bara taratibu. Utarudi wapi? Utarudi jangwani, kwa kuwa maji yakifika huko mara kwa mara chumvi itapungua na miche itaweza kuota. Jangwa ndilo akiba ya mikoko. Tukiliwekea ukuta leo, tumeufungia msitu mlango wa nyuma, na bahari itaufuata kutoka mbele.

Juu ya mashamba ya chumvi

Sitaki nieleweke kuwa napinga chumvi. Taifa linaihitaji, na vijiji vingi vya Bagamoyo, Kilwa, Lindi na Mtwara vimepata riziki kwayo kwa muda mrefu. Tena mwenye shamba la chumvi la jua, anayeingiza maji ya bamvua katika bwawa na kuyahamisha jaruba kwa jaruba mpaka yakaganda, ana madhara madogo kuliko anayepika maji ya chumvi kwa kuni za mikoko. Kama yapasa kuchagua, mimi namchagua wa jua.

Swali ni ukuta umepita wapi. Jangwa lina vijito vyake, vingine vyembamba kama mfereji wa bustani, na kwa njia hizo maji huingia na kutoka. Mkulima wa chumvi akiviacha wazi na akajenga majaruba yake kati ya kijito na kijito, mikoko ya pembeni huendelea kuishi. Akivikata, maji hutuama upande mmoja na kukauka upande wa pili. Upande wa maji yaliyotuama, mizizi ya mchu inayochomoza juu ya tope kama vijiti hufunikwa isipate hewa, na mti hufa kwa kukosa pumzi. Upande mkavu, chumvi huzidi. Miti hufa pande zote mbili na hapana hata mmoja uliokatwa, kwa hiyo Bwana Misitu hana mtu wa kumshtaki.

Na shamba likishaachwa, maana mengi yameachwa, watu husema tupande mikoko. Yafaa kwanza tuubomoe ukuta mahali pale palipokuwa na kijito. Maji yakirudi yataleta mbegu yenyewe, bila mwenge na bila ngoma.

Wakazi wa Dar es Salaam wana mfano ulio karibu zaidi. Bonde la Msimbazi, pale Jangwani, ni njia ya maji ya mvua yanayokutana na bahari. Kituo cha mabasi yaendayo haraka kilichojengwa hapo, na ambacho kilianza kutumika mwaka 2016, kimefurika mara nyingi kiasi kwamba habari yake haimshangazi tena msomaji wa gazeti. Nalitaja kwa sababu jina la mahali lilikwisha kutuonya.

Sheria ipo, na mwisho wa bahari uko wapi?

Mikoko yetu si mali isiyo na mwenyewe. Boriti za Rufiji zilibebwa na majahazi kwenda Arabuni na Ghuba muda mrefu kabla ya ukoloni. Aliyeingia katika nyumba za kale za mawe za Unguja ameona jinsi vyumba vilivyo vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Wajerumani waliitangaza mikoko ya delta ya Rufiji kuwa hifadhi mwaka 1898, kwa faida ya hazina yao na magome ya kutengenezea ngozi. Baada ya Uhuru hifadhi zikawa zetu. Mwaka 1987 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko ili hali ichunguzwe, na uchunguzi huo, ulioongozwa na marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizaa mpango wa usimamizi wa mwaka 1991. Kwa hesabu ya wakati ule Tanzania Bara ilikuwa na hekta 115,500 za mikoko, na zaidi ya hekta 53,000 katika hizo zilikuwa Rufiji peke yake.

Tunayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hii ya pili inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari. Ni kifungu kizuri. Lakini naomba Ndugu wapimaji mliomo humu mnisikilize: mita 60 kutoka wapi? Atakayekwenda kupima siku ya maji mafu ataukuta ufuko mahali pamoja, na atakayekwenda siku ya bamvua la Machi ataukuta mahali pengine, na baina yao huenda kukawa na mamia ya mita. Jangwa zima limo katika pengo hilo. Mtu mwenye tamaa anaijua vyema kalenda ya mwezi. Atakuja ofisini siku inayomfaa. Yatupasa na sisi tuijue.

Hesabu ya miche na hesabu ya miti

Sasa nije katika jambo lenye uchungu kidogo. Kila mwaka hupandwa mikoko, na kila mwaka taarifa hupanda ngazi kutoka kijijini hata mkoani: miche elfu kadhaa imepandwa na wananchi wakishirikiana na viongozi. Nimezisoma taarifa nyingi za aina hiyo. Ni chache mno zinazosema miche mingapi iliishi mwaka uliofuata. Mtumishi hapimwi kwa hilo, kwa hiyo haandiki, na asipoandika hakuna anayejua. Hapo ndipo uongo unapopata makao bila ya mtu yeyote kusema uongo.

Miche mingi hufa, na sababu si siri. Mbegu ya mkoko wenyewe ni ndefu, huota ingali juu ya mti, na kuichomeka topeni ni kazi ya sekunde moja. Basi watu huichomeka popote panapofikika kwa urahisi siku ya sherehe. Hupandwa chini mno, ambako maji hukaa saa nyingi mpaka mche ukachoka. Au katika majani ya baharini ambako hapakuwa na mkoko tangu dunia kuumbwa. Au jangwani, ambako chumvi huuua katika mwezi mmoja. Kila aina ina mahali pake: mlilana na mkoko mbele kwenye maji, msinzi na mkandaa katikati, mkomafi kunako maji baridi kidogo, mchu mbele na nyuma pia. Wavuvi na akina mama wanaookota kome wanayajua haya, lakini siku ya kupanda hupewa miche wabebe, hawaulizwi.

Jirani zetu wa Gazi, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 katika hekta 117. Wanakijiji wanauza hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu wao, na mapato hutumika kwa maji na shule. Sina haja ya kuusifu mradi huo kupita kiasi. Ninalotaka mlitazame ni hili, kwamba mnunuzi halipi kwa kusikia, hulipa kwa kuona daftari. Msitu wa Gazi umepata bei kwa kuwa miti yake huhesabiwa na kurudiwa kuhesabiwa.

Nchini humo humo, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache karibu na Mombasa, ukaifunika mizizi, na sehemu kubwa ya mikoko ikafa. Kijiti kimoja kilichosimikwa katika tope kingewaonya watu mapema kwamba tope linapanda.

Kijiti hicho ndicho ninachokuja kuwaomba.

Namna ya kukagua

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu alitaka shule iwe sehemu ya maisha ya watu wanaoizunguka. Shule zetu za pwani zilichukua jembe, na vyema. Jangwa na mikoko vilibaki nje ya lango kana kwamba si mali ya kijiji. Kazi ninayoieleza haihitaji mfadhili. Inahitaji kamba, futi ya fundi cherehani, mizani, nondo chache, daftari na watu wasiochoka.

Chagueni mistari mitatu iliyonyooka, kila mmoja ukianzia ukingo wa nchi kavu, ukapita jangwani, ukaingia mikokoni na kuishia kwenye maji. Katika kila mstari wekeni viwanja vya mita 10 kwa mita 10, na kimojawapo kiwe jangwani kabisa, hata kama mwanafunzi atacheka kwamba hakuna cha kuhesabu. Kwenye pembe za kila kiwanja simikeni alama ya kudumu, kwani kiwanja kisichoweza kuonekana tena mwakani ni sawa na kutokuwepo.

Ndani ya kiwanja hesabuni miti kwa jina lake na pimeni mzunguko wa shina kifuani. Mkoko wenye mizizi ya kupinda upimwe sentimita 30 juu ya mzizi ulio juu kuliko yote, la sivyo mtakuwa mnapima mizizi. Hesabuni visiki, na tofautisheni kisiki kibichi na cha zamani. Hesabuni miche iliyojiotea, na ile iliyopandwa andikeni mbali. Jangwani hesabuni matundu ya kaa katika mita 1 ya mraba, na ndege walioko saa ya maji kujaa. Pigeni picha kutoka alama ile ile, mkielekea upande ule ule.

Kupima chumvi msisubiri chombo kutoka Ulaya. Chimbeni shimo dogo, maji yakijikusanya yachujeni kwa kitambaa, pimeni nusu lita, yachemsheni mpaka yakauke, kisha pimeni uzito wa kilichobaki. Maji ya bahari yatawapa gramu 17 au 18 hivi. Mkipata 40, mmejifunza kemia na jiografia kwa sufuria moja. Kwa tope, pigilieni nondo mpaka ifike penye ugumu, muache sehemu ya juu ikionekana, na kila safari mpime urefu ulio juu ya tope. Ukipungua, udongo unaongezeka. Ukizidi, udongo unachukuliwa.

Fanyeni hivyo mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na kabla ya mvua za vuli, siku za bamvua, mkiingia maji yanapokupwa. Mwalimu awe na mzee mvuvi pamoja naye, na watoto wavae viatu, maana chaza wa mikokoni hukata kama wembe. Saa ya kutoka iamuliwe kabla ya kuingia.

Mtaniuliza kwa nini haraka. Rufiji inatoa jibu. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye hekta 596,908, liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kamba wachanga hukulia katika vijito vya delta hiyo kabla ya kutoka baharini, na wavuvi wengi hupata riziki kutokana nao. Delta yenyewe imejengwa na tope la mto. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa, na mitambo yake imeundwa kutoa megawati 2,115. Ni fahari ya Taifa, na umeme wake tunautumia humu ukumbini. Lakini mto unaopita katika bwawa huacha humo sehemu ya udongo wake, na mafuriko yake hubadilika. Mikoko ya delta itapokeaje mabadiliko hayo? Hakuna atakayeweza kujibu baada ya miaka 20 kama leo hakuna aliyeandika tope lilikuwa wapi. Mashamba ya mpunga nayo yamekuwa yakisogea ndani ya mikoko ya upande wa kaskazini. Mkulima hapaswi kulaumiwa peke yake, maana hufuata mahali ambapo maji baridi yamefika. Kila chumvi inapoingia katika shamba lake, husogea akakata penginepo. Yeye pia angenufaika na daftari la chumvi.

Ndugu Mwenyekiti, ninayo maombi machache. Neno "ardhi tupu" lifutwe katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji vyenye jangwa, na mahali pake paandikwe "uwanda wa bamvua". Mpaka wa bahari upimwe siku ya bamvua kubwa la Machi au Septemba, mbele ya Serikali ya kijiji, na ziwekwe alama ambazo kila mtu ataziona. Ombi lolote la shamba la chumvi liambatane na mchoro wa vijito, na lisijadiliwe bila mchoro huo. Taarifa ya kupanda miche isipokelewe kama haina taarifa ya miche ya mwaka uliotangulia.

Daftari la ukaguzi liandikwe nakala tatu. Moja ibaki shuleni, moja iende kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na ya tatu iwekwe katika ofisi ya kijiji, mezani, ambapo mvuvi anaweza kuingia na kuifunua. Mwalimu akihamishwa, alikabidhi daftari kwa maandishi kama anavyokabidhi funguo za stoo. Bamvua la mwezi mpevu ujao litafika wiki ijayo, na shule zitakazokuwa tayari zinaweza kuanza na mstari mmoja.